Mwalimu Aliyepika Bahari

Wazee wa Uru, kwetu mlimani, walio rika la Mwalimu wangeweza kukuambia ni wa ukoo gani na kihamba cha babu yake, shamba lile la urithi, kilipakana na cha nani. Mimi sitaanzia huko. Kwangu Mwalimu wa biolojia anaanzia mlangoni mwa maabara ya shule yetu pale Moshi mjini, amevaa koti la kijivu lililoliwa na asidi kwenye mfuko wa kulia, amenyamaza akisubiri na sisi tunyamaze. Hakupiga meza wala hakupaza sauti. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyezoea kuongea karibu na kitanda cha mgonjwa, na ilitubidi tuache kukwaruza viti ili tumsikie.

Tulipoingia kidato cha tatu, kipindi chake cha kwanza aliuliza swali moja tu.

"Nani kati yenu amewahi kuona kitu kisicho na uhai kikianza kuishi?"

Tulitazamana. Felista, niliyekaa naye dawati moja na tuliyetoka naye kijiji kimoja, akanyoosha mkono.

"Yai, Mwalimu. Ukilishika ni kama jiwe, halafu linatoa kifaranga."

"Yai lina uhai tangu liko ndani ya kuku. Rudi nyuma."

"Kuku, basi."

"Kuku katoka wapi?"

"Kwenye yai."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na wala hakukasirika. "Endelea kurudi," akamwambia. "Usichoke. Rudi mpaka ufike mahali ambapo hapana kuku wala yai."

Akaturudisha mwenyewe, taratibu, ubao mzima. Akafuta watu, akafuta ng'ombe na ndege, akafuta miti, akafuta samaki, akafuta hata vile vijidudu tulivyokuwa tumeviona kwenye hadubini. Ikabaki bahari ya moto isiyo na kitu ndani yake, na juu yake anga ambalo mtu asingeweza kuvuta pumzi. "Supu," akasema. "Maji, chumvi, gesi, joto, na radi inapiga humo mchana na usiku. Ikapikwa muda mrefu kuliko mnavyoweza kuwaza. Na mahali fulani ndani ya supu hiyo kitu kimoja kidogo sana kikaanza kutengeneza kingine kinachofanana nacho." Felista akauliza kilianzaje. Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HATUJUI. Kengele ikalia.

Tangu siku hiyo, nyuma ya mgongo wake, aliitwa Supu.

Miaka ile nchi ilikuwa changa na walimu wengi walisimama mbele yetu kama watu waliokabidhiwa majibu yote. Yeye neno lake lilikuwa hilo, hatujui, na alilitamka bila aibu, kama mtu anavyotaja jina la kijiji chake. Mwanafunzi mmoja mwenye wasiwasi wa mitihani aliwahi kumuuliza kama watahini nao watauliza tusiyoyajua. "Hapana," akajibu. "Watauliza tunayoyajua. Ndiyo maana mtihani ni mfupi."

Alikuwa na mambo yake. Alikula chakula cha mchana amesimama dirishani, ndizi ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti, na alipomaliza alilisoma lile gazeti. Alipanda Uru kwa miguu jioni hata kama pikapu ya jirani ilikuwa na nafasi. Akifika kwenye mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani kwetu, alichuchumaa, akachota maji kwa kiganja na kuyatazama kabla hayajamalizika kuvuja. Mama yangu alidhani anasali.

Na huyu mwalimu wa viumbe hai hakuweza kutazama kiumbe kikifa. Zamu ya kupasua vyura ilipofika, alitueleza kila hatua, akatukabidhi pamba yenye dawa, akatoka nje. Tulimwona dirishani amesimama karibu na zizi la shule, ametugeuzia mgongo. Monita alipomwita kwamba tayari, alirudi, akashika kisu, na kwa mikono iliyotulia kabisa akatuonyesha moyo, ini na mapafu. Wavulana walimcheka kwa hilo. Felista hakucheka. Aliniambia, "Anataka kujua pale katikati ya uhai na kifo. Lakini anaogopa kupaona."

Kila asubuhi alihudhuria misa. Aliketi benchi la nyuma kabisa, upande wa wanaume, na kutoka kabla ya matangazo ili awahi mjini. Jambo hili liliwasumbua watu wa pande zote mbili. Baba yake Felista alikuwa katekista wa kigango chetu, mtu mrefu, mkavu, aliyefundisha dini kizazi kizima cha Uru na ambaye hakuwahi kusahau nani alikosea jibu gani. Jumapili moja alimsubiri Mwalimu nje ya kanisa, na sisi tuliokuwa tukishuka ngazi tukapunguza mwendo.

"Mwalimu, binti yangu anasema umewafundisha kwamba tumetokana na supu."

"Nimewafundisha wanavyodhani watu wanaochunguza mambo hayo."

"Na Mungu yuko wapi kwenye supu hiyo?"

"Mzee, mimi naeleza kilichokuwa chunguni. Sijasema hapakuwa na mpishi."

"Basi sema alikuwapo."

"Kanisani nasema, pamoja na wewe, kila siku. Darasani siwezi. Sikulijua kwa njia ya darasani."

Katekista akaweka kofia yake kichwani na kuondoka bila kuaga. Wiki hizohizo, mwalimu wetu wa siasa, kijana aliyetoka mafunzoni na ari yake, alimtaka atuambie waziwazi kwamba hapakuwa na mpishi yeyote, kwamba huo ulikuwa uongo wa wakoloni. Akapata jibu lilelile, limegeuzwa tu. Wote wawili walimwona mwoga.

Nyumba ya Mwalimu na yetu zilitenganishwa na mfongo tu, na msimu wa kahawa nilikuwa nikienda kumsaidia mkewe kuchuma. Huyu mama alikuwa mnene, mpole, mwepesi wa kucheka, lakini hakuwa na jina. Kule kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na lile jina la usichana linabaki kwa kina dada zake. Yeye tulimwita mke wa Mwalimu. Nilikua nikidhani ni jina la heshima.

Jumamosi moja tulikuwa tumeketi nyuma ya jiko tukimenya ndizi za mtori. Nikamuuliza, kwa utoto tu, kwa nini Mwalimu hachoki kuzungumza habari za bahari ile ya mwanzo. Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji.

"Unaona ile migomba pale, iliyosongamana?" akasema. "Watoto wetu wako pale."

Nikageuka kuitazama.

"Wote walizaliwa kimya. Hakuna aliyelia hata mmoja. Wa mwisho nilijifungulia hospitali, maana tulisema labda ni wakunga wa nyumbani. Alikuwa mzima kabisa, mkubwa, mzito. Mume wangu akaomba wampe. Akakaa naye pale kwenye benchi, akamfunua, akawa anamwangalia kidole kwa kidole, kucha, kope, kila kitu, kama mtu anayetafuta mahali palipovunjika. Mpaka muuguzi akaja akamnyang'anya. Ndipo mume wangu akanigeukia, akaniambia, kila kitu kipo. Hakuna kilichopungua. Sasa kimekosekana nini?"

Akachukua ndizi nyingine.

"Mimi nililia nikamaliza. Yeye hakulia, alianza kuuliza. Mpaka leo anauliza."

Watoto wale walizikwa pale kwa sababu hawakubatizwa, na makaburi ya kanisa hayakuwa yao. Aliyeleta habari hiyo nyumbani kwa Mwalimu, kila mara, alikuwa Katekista. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya bila ukali, kofia mkononi. Hata hivyo misalaba haikuwekwa, na migomba ya pale haikukatwa hata ilipozaa kupita kiasi.

Sasa nieleze habari ya chupa.

Mwalimu alikuwa amesoma kwamba ng'ambo kuna watu waliopika ile bahari. Walifunga maji na gesi ndani ya kioo, wakayachemsha, wakayapiga kwa cheche za umeme badala ya radi, na baada ya siku kadhaa wakakuta ndani yake vitu vilevile vinavyojenga miili yetu. Alitueleza habari hiyo mara moja, kisha akasema, "Nanyi mtaiona."

Alihangaika kiangazi chote. Mkuu wa shule alikubali kwa sababu wakati ule wakaguzi walipenda kuona wanafunzi wakitengeneza vitu wenyewe, na nusu ya vifaa vilitoka shambani. Gesi moja tuliipata kwa kuvundika mavi ya ng'ombe kwenye pipa nyuma ya zizi. Nyingine aliitengeneza kwa asidi na vipande vya betri kuukuu, ya tatu kwa mbolea ya chumvichumvi iliyotutoa machozi. Koili ya kutoa cheche ilitoka kwenye lori bovu lililokuwa limelala gereji. Chupa yenyewe ilikuwa ya duara, kubwa kama kichwa cha mtoto, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Akaweka ubao mbele yake kama ngao, akachora mstari wa chaki sakafuni, akatuambia hakuna mtu kuuvuka.

Siku za mwanzo hapakuwa na kitu. Cheche zililia tiktiktik, maji yakachemka, sisi tukaboreka. Halafu asubuhi moja tukakuta maji yamekuwa ya manjano. Kesho yake yalikuwa na rangi ya chai. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Mwalimu akicheka kwa meno. Akatuita kikundi kwa kikundi tuchungulie kutoka pembeni mwa ubao.

"Sikilizeni," akasema, "huo si uhai. Msiende kusema nyumbani kwamba nimeumba kitu. Hayo ni matofali tu, na nyumba haijajengwa. Lakini mnaona kwamba matofali yanajifyatua yenyewe."

Felista alikuwa amepewa kazi ya kutazama chupa na kutaja mabadiliko ya rangi, kwa sababu macho yake yalikuwa makali kuliko ya sisi wote. Asubuhi ile ya mwisho alikuwa amesimama mahali pake, nyuma ya mstari. Nikamsikia akisema, "Mwalimu, kizibo kinavuja." Mwalimu alikuwa upande wa pili. Akauliza wapi. Felista akapiga hatua mbele, akainama, akanyoosha kidole kuonyesha. Mwalimu alielewa upesi kuliko sisi kwamba hewa ya nje imeingia, na ikichanganyika na gesi zile cheche itazilipua. Akarukia waya wa betri na kuuchomoa. Koili ikatoa cheche moja ya mwisho, kubwa kuliko zote, na chupa ikapasuka.

Sauti yake sitaieleza. Ninachokumbuka ni kwamba Felista hakupiga kelele. Alisimama wima, mikono imeziba uso, akawa anauliza, "Taa imezimika? Taa imezimika?" Mwalimu alimbeba, mkono wake mmoja vidole vinaning'inia, akatoka naye mbio mpaka barabarani, na mwenye gari aliyepita akawapeleka hospitali. Madaktari walifanya waliyoweza. Macho yote mawili hayakupona. Mwalimu alikatwa vidole vya mkono wa kulia, akabakiwa na kidole gumba na cha shahada.

Maneno yalienea mlimani kabla bendeji hazijafunguliwa. Wengine walisema Mungu hachezewi. Wengine walisema ni wale watoto wake waliozikwa bila jina, wamechukua macho ya mtoto wa aliyewanyima makaburi. Nilisikia hayo kwa watu wazima, waliotoka kupokea komunyo.

Bodi ya shule ilikaa, na baadhi yetu tukaitwa kueleza tulichoona. Mkuu wa shule alimpenda Mwalimu, akataka kumwokoa. Akaniuliza kama kulikuwa na mstari. Nikasema ndiyo. Akauliza kama tulionywa tusiuvuke. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Felista aliuvuka. Nikasema alipiga hatua moja. Mkuu akawageukia wanabodi kama mtu aliyemaliza kazi.

Mwalimu akaomba ruhusa ya kusema. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa shingoni.

"Mstari ulikuwa karibu mno," akasema. "Niliuchora mimi. Mtoto alipiga hatua kwa sababu nilimuuliza wapi. Na waya ningeuacha, pengine pasingetokea kitu. Yaandikwe hivyo."

Mkuu alimwambia kwa sauti ya chini afikirie kwanza. Akajibu kwamba amekwisha fikiri. Akaachishwa kazi, akabaki shambani kwake Uru, na hakushika chaki tena.

Kwetu kuna jani liitwalo isale. Ukimkosea mtu kosa ambalo haliombeki radhi kwa mdomo, unachuma isale na kumpelekea, na yeye hana ruhusa ya kuikataa. Ni jambo la mababu, lakini sijaona Mkristo wa mlimani anayethubutu kulichezea. Mkono wake ulipofunguliwa bendeji, Mwalimu alikwenda na isale kwa Katekista, akifuatana na mkewe na mzee mmoja wa ukoo wake. Mama yangu alikuwepo kumsaidia mama yake Felista na wageni, nami nilikuwa chumbani na Felista. Tulisikia kila kitu.

Mzee wa ukoo akasema maneno yanayosemwa. Kisha Katekista akasema, "Nimeipokea, kwa sababu baba yangu angetoka kaburini nikiikataa. Lakini ni mkono wangu uliopokea, Mwalimu. Moyo bado."

"Nimesikia, Mzee," Mwalimu akajibu.

Felista akaita kutoka ndani, "Baba, mwambie aingie."

Aliingia peke yake. Alisimama mlangoni na hakuweza kusogea. Felista alisikia pumzi zake, akamgeuzia uso uliofungwa kitambaa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Yale maji ya rangi ya chai, ndani yake kulipatikana nini?"

"Sijui, binti yangu. Yalimwagika yote."

"Hata kidogo hayakubaki?"

"Hata kidogo."

Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu siku ile, na sikujua analilia macho au yale maji. Mwalimu aliketi chini sakafuni, karibu na kitanda, akabaki pale mpaka mkewe alipokuja kumchukua.

Tangu hapo alikwenda kumsomea kila Jumapili alasiri. Katekista hakumkataza kuingia, ila vitabu alichagua yeye: maisha ya watakatifu, mafundisho ya kanisa, na magazeti ya jimbo. Mwalimu aliyasoma yote kwa sauti ileile aliyotumia kutueleza seli na mizizi, bila kukunja uso. Wakati mwingine Felista alimkatiza na kumuuliza mambo ya darasani, naye alimjibu, na Katekista aliyekuwa nje akichonga mpini alinyamaza kama hajasikia. Mwalimu alizunguka ofisi nyingi mpaka akampatia nafasi kwenye shule ya wasioona, mkoa wa mbali. Katekista akakataa. "Nilimtoa mzima akarudi hivi," akasema. "Sitamtoa tena." Felista akabaki nyumbani. Mwalimu hakubishana.

Mimi nilisonga mbele na masomo, nikawa mwalimu mkoa mwingine, na nilikuja Uru wakati wa likizo. Kila nilipokuja nilimkuta amepungua. Mkono wake wa vidole viwili ulikuwa wa buluu kwa mrututu, dawa ya kunyunyizia kahawa, miaka ambayo mrututu ulipatikana. Chama cha ushirika kilipovunjwa na malipo yakawa ya kusuasua, majirani walianza kung'oa mibuni kimyakimya na kupanda mahindi. Yeye hakung'oa. Vita vya Kagera vikapita, maduka yakabaki na rafu tupu, watu wakapanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Alianza kutengeneza sabuni mwenyewe, kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ilikuwa nyeusi na ilinuka, lakini ilitoa povu, na akawagawia watu.

Likizo moja nilimkuta uani na watoto wa majirani wamemzunguka. Alikuwa ametia sabuni hiyo kwenye sahani ya maji na anapuliza kwa bua.

"Tazameni hili," aliwaambia, kwa sauti ileile ndogo. "Ndani kuna hewa, nje kuna hewa, katikati kuna ngozi nyembamba. Nani ameishona? Hakuna. Imejifunga yenyewe. Kitu cha kwanza kilichoishi kilihitaji hilo, kuwa na ndani na nje."

Povu likapasuka. Watoto wakataka lingine. Akaniona, akainuka kwa shida, tukasalimiana. Nikamwambia kwamba nafundisha mada hiyo kidato cha tatu. Akauliza nawaambia nini. Nikasema nawaambia kama alivyotuambia yeye. Akatikisa kichwa. "Waambie," akasema, "lakini usiwachemshie kitu."

Mkewe alikufa kwa homa katika miaka ile ya shida, dawa zikiwa zimeadimika kila mahali. Alikuwa amebatizwa, alikuwa mama wa kanisa, na kaburi lake lingekuwa pale pamoja na wengine. Mwalimu alikataa. Akataka azikwe nyumbani, chini ya migomba iliyosongamana. Padre alikubali. Katekista, aliyekuwa amezeeka na kuona kwa shida yeye mwenyewe, alikuja amemshika Felista mkono, au Felista alimshika yeye, haikuwa rahisi kujua. Baada ya sala za mazishi alibaki amesimama wakati watu wanaanza kuondoka. Akavua kofia tena. Akasema kwa sauti ya kukwama, "Tumwombee marehemu. Na hawa waliotangulia hapa, ambao mimi sikuwaombea." Hakuongeza neno. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na sikuona uso wake.

Felista ndiye anayefundisha watoto dini kigangoni sasa, kwa kichwa, bila kitabu. Nasikia wakimuuliza Mungu alifanyaje alipofanya vitu, anawaambia hilo hatujui. Baba yake akiwa hai alikuwa akikohoa anaposikia hivyo, lakini hakumsahihisha.

Mara ya mwisho kumwona Mwalimu ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimekuja kujifungulia kwa mama yangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mtoto alikuja wakati wake, mkubwa, wa kiume, na hakulia. Nilikuwa nimechoka na kupoteza damu. Nilipopata nguvu ya kuuliza, wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha na kumzika. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa muda mfupi, mama akiwa amemshika kwenye kanga.

Walikuja wengi, na wote walikuwa wema. Waliniambia nitapata mwingine. Waliniambia Mungu ndiye anayejua. Waliniambia nisimuwaze, maziwa yatakauka upesi. Mama hakusema chochote juu yake, siku baada ya siku. Alinipikia, akanikanda kwa maji ya moto, akazungumza habari za mvua.

Asubuhi moja Mwalimu akaja. Alikuwa akitembea kwa fimbo na kupumua kwa sauti, na kutoka kwake mpaka kwetu, kuvuka mfongo tu, alikuwa amepumzika njiani. Mama akamwambia nimelala. Akasema atasubiri, akaketi kwenye benchi la barazani. Nilimsikia, nikajifunga kanga, nikatoka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikaketi kando yake. Hakunipa pole. Mama aliingia jikoni kumtengenezea kahawa. Tulitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, na mimi nilikuwa nikijiandaa kusikia atakachosema, maana kama kulikuwa na mtu aliyefikiri juu ya jambo hili maisha yake yote, alikuwa yeye.

"Alifanana na nani?" akaniuliza.

Sikuelewa. Nikamtazama. Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri jibu kweli, kama alivyokuwa akisubiri darasani.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikasema, "Mdomo ulikuwa wa mume wangu. Huu wa juu, umekatwa hivi." Nikamwonyesha kwa kidole. "Nywele zilikuwa nyingi. Nyeusi sana, zimelala mbele mpaka hapa. Na alikuwa na kovu, si kovu, alama, kwenye shavu, ndogo."

"Upande gani?"

"Huu. Wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa. "Endelea."

Nikaendelea. Nilimwambia vyote nilivyoviona kwa muda ule mfupi, na vilikuwa vingi kuliko nilivyojua. Nilikuwa nalia na kuzungumza pamoja. Yeye hakunyoosha mkono wala hakunikatiza, aliuliza tu hapa na pale, kidevu je, mikono je.

Nilipofika kwenye mikono nikakwama. Ilikuwa imefunikwa na kanga, sikuiona.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mikono ilikuwa mirefu," akasema. "Vidole virefu, kama vya baba yako. Nilipokuwa namwosha nilisema moyoni, huyu ni baba yako."

Kahawa ilikuwa inamwagika kwenye sahani. Mwalimu akampokea kikombe, akasogea pembeni mwa benchi, akampa nafasi aketi.